Plastiki ya Bucha

Kama hujawahi kunusa plastiki ya bucha ikipigwa hewa ya moto, mshukuru Mungu. Mimi niliinusa kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili, na mpaka leo nikiona soseji navuka barabara. Si kwa sababu ya soseji. Maskini soseji haina kosa.

Naitwa Gizella, watoto wa mjini wananiita Bibi Gizi. Nimeuza vitabu miaka thelathini na minane katika duka moja, mtaa wa Kossuth, chini kidogo ya kanisa. Mwanamke wa kwetu akitimiza miaka arobaini kazini anapata pensheni yake anakwenda zake, kwa hiyo nilibakiza miwili tu. Nalitaja hili mapema usije ukanidhania shujaa. Sikuwa shujaa. Nilifunga vitabu, tena kwa mikono hii, na nilifunga vizuri.

Sheria yenyewe ilitoka Budapest, kwa serikali. Kitabu cha watoto chenye mwanamume anayempenda mwanamume, au mwanamke anayempenda mwanamke, kifungwe kisifunguke na kisiwekwe pamoja na vingine. Na duka likiwa ndani ya mita mia mbili kutoka mlango wa shule au kanisa, kisiuzwe kabisa, hata kikifungwa. Bwana Tivadar, mwenye duka, ni mtu anayeogopa kivuli chake mwenyewe, na kivuli cha serikali anakiogopa mara mbili. Siku ile ile alitafuta tepu ya kupimia. Tukatoka mvuani, mimi nimeshika ncha moja kwenye ngazi ya kanisa, yeye anarudi kinyumenyume na miwani yake imejaa maji, watu wote wanatutazama. Padri akatoka akaniuliza nimepoteza nini.

"Aibu, Baba," nikamwambia. "Ukiiona niokotee."

Ikawa mita mia mbili na kumi na tatu. Tivadar alifurahi kama aliyepata mjukuu. Akaninunulia andazi la chumvi, akasema, "Unaona, Gizi? Tunafunga tu, basi, maisha yanaendelea."

Mashine ya kufungia tuliazima kwa shemeji yake mwenye bucha. Tuliisugua kwa siki, tukaisugua kwa sabuni, tukaisugua kwa maji ya moto. Wapi! Kwenye ufa wa kile chuma cha kukatia mlikuwa na mafuta ya miaka mingi, mekundu kwa pilipili ya unga ya soseji, na kila ilipopata moto yaliyeyuka yakatoa harufu. Kwa hiyo vitabu vya watoto vikawa vinanuka nguruwe wa kukaushwa. Nilimwonyesha Tivadar alama ya kidole chenye mafuta juu ya jalada. Akaifuta kwa mkono wa sweta lake, akaondoka bila kunitazama.

Kitabu chenyewe hasa kilikuwa kimoja, nakala nne, lakini kila wiki Tivadar alinifanya nizifunge upya, plastiki isije ikalegea. Kiliitwa *Mtaa wa Madirisha*. Kila ukurasa ni dirisha la nyumba moja, unachungulia unaona watu wake. Babu mwenye ndege. Dereva wa lori na mkewe na watoto watatu, wamelala sakafuni wote kwa joto. Bi kizee anayecheza karata na paka. Na ukurasa wa kumi na moja, mama wawili na binti yao wanapika madonge ya plamu, unga umewajaa puani. Hawabusiani, hawasemi neno. Unga tu puani. Kwa unga huo, mtaa mzima ukatiwa ndani ya plastiki.

Ukurasa ule ulikuwa na mwenyewe. Bori, mtoto wa miaka mitano, mfupi, mkali, mwenye pengo la mbele. Mama zake ni Noémi, aliyemzaa, muuguzi hospitalini, na Emőke, fundi wa baiskeli kule karibu na stesheni. Emőke ndiye aliyemsubiri wodini siku ile anazaliwa, ndiye aliyembeba usiku wa meno, ndiye anayemchukua chekechea kila siku Noémi akiwa zamu. Lakini ukienda ofisi yoyote ukauliza Emőke ni nani kwa mtoto huyu, watakwambia si mtu. Kwenye fomu ya chekechea ameandikwa "aliyeruhusiwa kumchukua", hivyo hivyo tu, kama jirani, kama dereva wa teksi. Hana karatasi hata moja. Alichokuwa nacho ni lile neno ambalo mtoto alimwita. Alikuwa anamwita mama, na hilo ndilo lilikuwa cheti chake.

Bori anasoma chumba kimoja na mjukuu wangu Ármin. Binti yangu yuko kiwandani kwa zamu, kwa hiyo saa kumi jioni mimi ndiye ninayemchukua Ármin, narudi naye dukani hadi tunapofunga. Kila Alhamisi Emőke na Bori walifuatana nasi. Emőke alikunywa chai yangu amesimama, mikono imejaa grisi, haguzi kitu. Watoto walikaa kwenye zulia karibu na hita, na Bori akishika *Mtaa wa Madirisha* kitabu kilijifungua chenyewe pale pale, ukurasa wa kumi na moja. Alikuwa amekizoesha.

"Huyu ni Mama Noémi," alikuwa akisema, kidole juu ya mmoja, "kwa sababu ana nywele. Na huyu ni wewe, mama, kwa sababu anachoma." Ni kweli, Emőke anaunguza kila kitu jikoni.

Basi Alhamisi moja Bori akaingia, akaenda kwenye rafu ya chini, hakukikuta. Akainua macho akakiona nyuma ya kaunta, juu, kinang'aa.

"Bibi Gizi, kwa nini umekifunga?"

Emőke akaweka kikombe chini. Alijua. Habari za sheria zilikuwa kwenye kila redio. Lakini hakunisaidia, alinitazama tu, na nadhani alitaka kuona mimi ni mtu wa namna gani. Nami nikamwonyesha.

"Kinaumwa kidogo, mwanangu," nikasema. "Kimeshikwa na kuvu. Vitabu navyo huugua. Kikipona tutakifungua."

Uongo mtamu huo. Mtu mzima akishindwa na mtoto huchota uongo wenye sukari, halafu anajiona mwema. Nilisahau kitu kimoja. Mwezi ule ule chekechea ilikuwa imekumbwa na tetekuwanga. Watoto wote walijua maana ya kuambukizwa, wote walishapakwa dawa nyeupe, wote walishaambiwa usimguse fulani. Ármin akanyoosha shingo.

"Ugonjwa uko ukurasa gani?"

Kabla sijafungua mdomo, akajibu Bi Hajnalka. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama yake Zalán, mwanamke anayejipaka krimu ya mkono yenye harufu ya waridi hadi ukipokea chenji yake unateleza. Alikuja kununua kalenda. Siku hizo alikuwa anakuja sana, hanunui kitu cha maana, anatembeza macho kwenye rafu.

"Wa kumi na moja, mpenzi," akamwambia mjukuu wangu kwa sauti ya kubembeleza. "Na unaambukiza watoto. Ndiyo maana Bibi amekifunga. Bibi yako ana akili."

Akacheka. Mimi, nikiwa na miaka sitini na moja na ulimi unaojulikana mji mzima, nilimfungia kalenda yake kwenye karatasi nikamwambia karibu tena. Emőke akamshika Bori mkono.

"Ugonjwa," akasema pole pole. "Asante, Mama Gizi."

Hawakuja tena Alhamisi.

Nilijitia hamnazo. Nikasema moyoni, watoto husahau. Zikapita wiki tatu. Jioni moja namvalisha Ármin koti, nikamuuliza wamecheza nini leo. Akasema wamecheza mduara, ule wa kushikana mikono na kuimba, lakini mduara ulikuwa na tundu.

"Tundu gani?"

"Pale kwa Bori. Bori hashikwi mkono. Ana ugonjwa wa ukurasa."

"Nani kasema upuuzi huo?"

Akanitazama kwa mshangao, maana alijua ninajua. "Si wewe?"

Njia ya mwongo ni fupi, wazee wamesema, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine anayeipita hiyo njia yako ni mtoto wa mwenzio.

Halafu nikaliona kwa macho yangu. Chekechea zetu, kila mtoto ana alama yake, maana hawajui kusoma. Alama ile iko juu ya kulabu ya koti, kwenye taulo, kwenye kikombe, na inakufuata mpaka unaingia darasa la kwanza. Ármin ni konokono. Zalán ni trekta. Bori ni mwavuli, kati yao. Siku ile naingia chumba cha makoti, mwavuli ulikuwa peke yake. Mtu alikuwa amesogeza makoti ya kulabu za jirani, kushoto na kulia, yasigusane na koti lake. Nikajua si mwalimu. Ni watoto. Walikuwa wanajikinga, maskini ya Mungu, kama tulivyowafundisha.

Emőke akaingia nyuma yangu, anapuliza mikono kwa baridi. Zalán akageuka.

"Bori! Mama yako yule mwingine kaja!"

Bori alikuwa amekaa kwenye kibenchi anavaa kofia. Akaivuta kofia hadi kwenye nyusi.

"Si mama," akasema. "Ni shangazi. Mimi nina mama mmoja tu."

Alisema kwa sauti, ili wote wasikie. Alikuwa amejiandaa. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amekaa nyumbani kwao akafikiri, akaona kwamba akimtoa mmoja atapona.

Emőke alipiga goti mbele yake, akainama, akaanza kumfunga kamba za buti. Buti zile hazikuwa na kamba. Alikaa pale ameinama muda mrefu, vidole vinatafuta tafuta, nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kinywa changu.

Nilimfuata mwalimu wao uani. Msichana mzuri, ana roho safi, mashavu mekundu. Nikamwambia, "Mwanangu, waeleze watoto. Waambie hakuna ugonjwa, waambie kuna nyumba zina mama wawili, basi, dakika mbili."

Akageuka nyuma kwanza kuangalia nani yupo.

"Bibi Gizi, siwezi. Mambo hayo haturuhusiwi kuyagusa. Nikitamka tu, Bi Hajnalka anaandika barua. Nimewaambia watoto washikane mikono. Nimewaambia wawe wema."

"Wawe wema! Wanamwogopa, hawamchukii. Mtu anayeogopa tetekuwanga unamwambia awe mwema?"

"Naomba usipaze sauti," akasema, na machozi yakamlenga. Nikamwacha. Nilichoka na watu wenye roho safi wasiotaka kuichafua.

Njiani kurudi nikamsimamisha Ármin chini ya taa.

"Sikiliza. Bibi alidanganya. Kitabu hakiumwi. Bori haumwi."

Akafikiri. Ana tabia ya kufikiri kwa kuuma kidole cha glavu.

"Basi mbona bado kimefungwa?"

"Kwa sababu... kuna sheria."

"Sheria ya ugonjwa?"

"Hapana. Sheria tu."

"Watu hawafungi kitu kizima, Bibi," akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa. "Nyama wanafunga kwa sababu ya vijidudu. Umesema mwenyewe."

Nilikuwa nimesema mwenyewe, siku ya kwanza aliponiuliza kuhusu mashine ya bucha. Pale ndipo nilipoelewa kwamba ningeweza kuongea mpaka ulimi ukauke, mtoto hasikii maneno, anaangalia mikono. Na mikono yangu kesho yake asubuhi ilikuwa inasubiriwa na mashine.

Ikafika tarehe tano mwezi wa kumi na mbili, Alhamisi, mkesha wa Mikulás, mtakatifu anayewaletea watoto zawadi. Watoto wa mji mzima wanasugua buti zao, waziweke dirishani usiku, asubuhi wakute peremende na machungwa, na watukutu wakute fimbo za vijiti vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Duka lilijaa. Tulikuwa tunauza karatasi nyekundu, kamba, na hizo fimbo, kwenye ndoo mlangoni. Ármin alikuwa chini ya kaunta anasugua buti yake kwa soksi yangu. Bi Hajnalka alikuwa kwenye foleni, ameshika fimbo mbili. Na mlango ukafunguka, akaingia Emőke.

Bori alikuwa nyuma yake. Hakuingia ndani kabisa. Alisimama kwenye zulia la kufutia miguu, mikono ameivuta ndani ya mikono ya koti hadi haionekani.

"Nataka *Mtaa wa Madirisha*," Emőke akasema. Hakunisalimia. "Kwa ajili ya buti."

Mtoto hapaswi kuona kitu cha kwenye buti kabla ya asubuhi, kila mzazi anajua. Emőke alimleta makusudi. Nikaelewa kwamba hakuja kununua zawadi.

Nikakishusha. Tivadar akatoka stoo mbio, ameshika mkasi wa karatasi, jasho limemtoka usoni.

"Karibu, karibu dada. Tunakuuzia bila shaka, sheria inaruhusu. Ila ukifungulie nje, tafadhali. Nje kabisa. Ukivuka barabara, au hapana, upande ule uko karibu na kanisa, usivuke, shuka chini kabisa..."

"Mita ngapi?" Emőke akamuuliza.

Tivadar hakujua kama ni utani. Akafungua mdomo kujibu, kweli kabisa alitaka kumpa hesabu, na hapo ndipo kinyaa kilichokuwa kimenikaa kooni tangu mwezi wa tisa kikapanda chote. Si kwa Hajnalka. Hajnalka ni Hajnalka, mbwa halaumiwi kwa kubweka. Kinyaa cha watu wema. Cha Tivadar anayefuta mafuta kwa sweta, cha mwalimu na machozi yake, cha mimi na kuvu yangu.

Nikaiuma ile plastiki. Kucha zangu ni fupi, kwa hiyo nilitumia meno, kwenye kona, nikavuta. Ladha yake siisahau, chumvi na moshi na kitu kama mpira wa kuchezea. Ikapasuka kwa sauti, duka zima likageuka.

"Gizi!" Tivadar akanong'ona. "Gizi, miaka miwili! Nakuomba, imebaki miwili tu!"

Na alisema kwa huruma. Alikuwa ananionea huruma ya kweli.

"Ármin, toka huko," nikasema. "Bori, njoo mwanangu. Njoo tu, simama hapo hapo ukitaka, utanisikia. Mimi ni mwongo. Niliwadanganya. Kitabu hiki hakijawahi kuumwa hata mafua. Wala ukurasa wa kumi na moja. Wapo watu wazima hawataki watoto waone kwamba kuna nyumba ina mama wawili, wakaandika sheria kwamba picha hiyo ifichwe. Na mimi nikaificha."

"Kwa nini?" Ármin akauliza.

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Hapana, wao. Kwa nini hawataki?"

"Sijui, mjukuu wangu. Kila nikiuliza, wananijibu watoto wadogo hawataelewa."

"Kuelewa nini?"

Nikamgeukia Bi Hajnalka, maana na mimi nilitaka kusikia. Akakaza fimbo zake kifuani.

"Mambo haya ni ya kuzungumza nyumbani," akasema. "Si mbele ya watoto wa watu. Mimi mwanangu nina haki ya kumlinda."

"Umlinde na nini, na madonge?" akasema mzee mmoja nyuma ya foleni, lakini kwa sauti ndogo, na nilipomtafuta kwa macho akaangalia kalenda. Hao ndio watu wetu.

Nikakifungua kitabu juu ya kaunta. Kilikuwa kimekaa kwenye plastiki muda mrefu, hakikujifungua chenyewe tena, ilibidi nitafute. Nikakigeuza upande wa mlango.

"Hao hapo. Njoo uwaone."

Bori alitazama kwa mbali. Nilimwona anataka. Shingo ilisogea, miguu haikusogea. Akatikisa kichwa.

"Siruhusiwi kukigusa," akasema. "Mimi ni mtoto."

Nyumba yake mwenyewe ile. Meza yao, unga wao. Nilimtazama Emőke nikaona meno yamebana hadi mfupa wa taya umetokeza. Nilikuwa nimesema ukweli wote niliokuwa nao na haukutosha. Miezi mitatu ya plastiki haifutwi na hotuba ya bibi mmoja.

Ármin alipanda juu ya kigoda. Akaangalia ukurasa kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu akatoa ulimi, wote, akaulamba. Alianza kona ya chini, penye sufuria, akapanda juu ya meza, juu ya unga, juu ya nyuso za wale mama wawili, hadi dirishani. Taratibu, bila haraka, kama anayelamba sahani ya mchuzi. Mate yakabaki yanameta.

"Kinyaa!" Bi Hajnalka akapiga kelele. "Mungu wangu, kinyaa!"

"Kinyaa ndicho hasa," nikamwambia. "Mimi nimekaa nacho tangu mwezi wa tisa, karibu nawe uonje."

Ármin hakutushughulikia. Alikuwa amesimama wima kwenye kigoda, mikono chini, anasubiri. Anasubiri kuugua. Uso ulikuwa umempauka kidogo, nikagundua kwamba hakuwa ameniamini. Alikuwa anadhani huenda ni kweli, na alilamba hivyo hivyo. Akahesabu kwa vidole hadi kumi. Akajishika paji la uso kama mama yake anavyomshika.

"Sijaugua," akatangaza. Kisha akatafuna tafuna hewa. "Kina ladha ya soseji."

Bori akacheka. Pengo lake likaonekana. Mikono ikachomoza kutoka ndani ya koti, kwanza vidole, halafu viganja, akaja, akaparamia kigoda kile kile, akamsukuma Ármin kwa kiwiko. Akaweka kidole juu ya mate.

"Umemlowesha Mama Noémi, mjinga wewe," akasema. Akafuta kwa mkono wa koti. Kidole kikahama. "Na huyu..."

Akamtazama Bi Hajnalka, akatazama foleni yote, watu wazima wanane na fimbo zao za dhahabu. Emőke hakusogea. Hakumwita, hakumsaidia.

"Huyu ni wewe, mama," Bori akasema. "Kwa sababu anachoma."

Emőke akatoa hela, akaziweka kaunta, zikadondoka, akaziokota, zikadondoka tena. Nikamwambia aziache, achukue kitabu, aende. Walipofika mlangoni Bori akarudi nyuma.

"Na vile?" akanionyesha rafu ya juu. Zilibaki nakala tatu.

Safari ile ya kwanza aliponiuliza nilikuwa na jibu tamu tayari mdomoni. Safari hii niliangalia rafu, nikamwangalia Tivadar. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana, hapana.

"Navifungua sasa hivi," nikasema.

Nikavifungua vyote vitatu, kwa meno, mbele ya foleni. Nikavirudisha rafu ya chini karibu na hita, nikavaa koti, nikamchukua mjukuu wangu. Tivadar alinifuata hadi kwenye ndoo ya fimbo akaniambia nisirudi kesho, na sauti ilimkatika katikati. Nikampa roli la plastiki alishike. Nasikia mpaka leo hajui jinsi ya kuiwasha ile mashine, na vile vitabu viko stoo, ndani ya boksi, juu yake ameweka boksi jingine.

Miaka miwili yangu imekwenda. Nikisema haiumi nitakuwa nimeanza uongo mwingine.

Kesho yake, siku ya Mikulás yenyewe, nilikwenda chekechea saa kumi kama kawaida. Kwenye chumba cha makoti mwavuli ulikuwa umebanwa na trekta upande mmoja na konokono upande wa pili. Ármin alikuwa amejipaka chokoleti hadi masikioni, na amenuna.

"Bori kaleta kile kitabu," akaniambia nikimfuta. "Wote wamekilamba. Zalán kakilamba mara mbili. Mwalimu kasema ni uchafu, lakini hakukichukua."

"Sasa umenunia nini?"

"Tulicheza mduara."

"Ehe?"

"Nilitaka kumshika Bori mkono," akasema, na mdomo ukaanza kutetemeka. "Sikupata nafasi. Yote miwili ilikuwa na watu."